Mgonjwa wa mishipa ya damu apewe ganzi ipi? Tuanze na dawa anazokunywa

#1 Sindano_ya_Kati

Wakuu habarini za jioni.

Mwezi huu vijana watatu wamenifuata inbox na swali moja. Wawili wako mafunzo kwa vitendo, mmoja ni nesi wa usingizi mkoani. Wote wanauliza: "Mgonjwa wa mishipa nimpige ganzi gani?" Nimeona nilete hapa jukwaani, wenye uzoefu waongeze na mwenye mgonjwa nyumbani asome pia.

Kwanza tuelewane maneno. Kiswahili chetu kinaita mshipa vitu vingi: ngiri ni mshipa, kano ni mshipa, na kuna mshipa wa fahamu. Humu nikisema mshipa namaanisha wa damu. Ule wa fahamu nitauita neva.

Mgonjwa wetu tunamfahamu. Ana miaka 60 na kitu, kavuta sigara tangu ujana, sukari ipo, presha ipo, na mshipa ulioziba mguuni una ndugu zake kwenye moyo, shingo na figo. Ndiyo maana wakubwa wetu kazini walitufundisha kwamba mgonjwa wa namna hii usimpe nusukaputi, mpige spaino (sindano moja ya ganzi mgongoni), moyo utapona. Nami nimefanya hivyo miaka mingi bila kuuliza.

Tafiti hazikukubali moja kwa moja. Mwaka 1996 Bode na wenzake kule Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 423 waliounganishiwa mishipa ya miguu. Waligawanywa kwa bahati nasibu: nusukaputi, spaino, epidurali (ganzi ya mgongoni inayoweza kuongezwa kupitia mrija). Vifo na matatizo ya moyo havikutofautiana kati ya makundi. Miaka 3 nyuma yake utafiti mdogo wa wagonjwa 100 ulikuwa umeona waliopata epidurali wanarudishwa thieta mara chache kwa sababu ya mshipa mpya kuziba. Wagonjwa wale 423 walipochunguzwa kwa jambo hilo hilo, tofauti haikuonekana.

Kwa hiyo mimi nimeacha kuanza na swali la "ipi salama zaidi". Naanza na mfuko wa dawa, maana dawa za kuzuia damu isigande zikiwa bado mwilini, sindano ya mgongoni inaweza kumwaga damu ikabana uti wa mgongo. Mgonjwa au ndugu yake aumwage mezani niuone kwa macho yangu, maana faili huwa halisemi yote. Aspirini peke yake hainizuii kumchoma mgongoni. Klopidogreli inanizuia mpaka zipite siku 5 hadi 7. Warfarini siku 5, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, iwe imerudi kawaida. Rivaroksabani na apiksabani siku 3, na figo zikiwa mbovu nasubiri zaidi. Heparini ya kuchoma chini ya ngozi, zile aina za enoksaparini, dozi ya kinga masaa 12, dozi ya tiba masaa 24.

Halafu kuna heparini ambayo daktari wa upasuaji ataiomba akiwa anataka kubana mshipa. Hii ndiyo inayofanya upasuaji wetu utofautiane na wa ngiri au wa uzazi. Sindano yangu ya mgongoni iwe imeshatulia saa nzima kabla heparini haijaingia. Na kama nimeacha katheta (ule mrija mwembamba) ya epidurali, siitoi mpaka yapite masaa 4 hadi 6 tangu dozi ya mwisho na kipimo cha kuganda kionyeshe damu imerudi kuganda kawaida. Kutoa katheta ni hatari sawasawa na kuiweka. Hilo watu wengi hawalijui.

Naomba michango.

#2 NesiWaZamu

Daktari, shikamoo na asante kwa uzi. Hapo pa kutoa katheta naomba niseme jambo, limekaa kifuani muda mrefu. Hospitali sitaitaja.

Nilikuwa zamu ya usiku wodini. Mgonjwa ametoka thieta siku ya pili, mguu umeunganishwa mshipa, ana heparini kwenye pampu na katheta ya epidurali mgongoni. Kwenye makabidhiano niliambiwa "katheta itolewe leo". Basi. Hakuna aliyeandika saa ngapi, hakuna aliyeandika pampu isimame lini. Ikatolewa jioni huku heparini inatembea. Saa saba usiku baba yule akaniambia miguu mizito. Nikaandika kwenye chati kwamba ganzi bado haijaisha. Saa kumi alfajiri akasema haisikii kabisa, yaani hata ukiifinya. Nikampigia daktari wa zamu, naye akasema ganzi hukaa, tusubiri asubuhi.

Asubuhi ndiyo mtu mzima mmoja alipiga kelele kwamba katheta imetoka jana, ganzi ya wapi tena? Damu ilikuwa imejaa kwenye uti wa mgongo. Alifanyiwa upasuaji, lakini alitoka hospitali kwa kiti cha magurudumu.

Siku hizi popote ninapofanya kazi nabandika plasta kwenye katheta yenyewe, pale inapoingia kwenye kichujio, naandika kwa kalamu nene: HEPARINI YA MWISHO SAA… USITOE KABLA YA SAA… Na kila masaa 2 namwambia mgonjwa ainue mguu. Simuulizi kama anaweza. Namwambia ainue nione.

Swali langu: huku tulipo hatuna ultrasaundi ya ganzi. Anakuja mgonjwa wa sukari, donda ndugu limefika kifundoni, mguu wa kukatwa chini ya goti, anakunywa klopidogreli na alikunywa jana. Kusubiri wiki hatuwezi, usaha unaingia kwenye damu. Tufanyeje?

#3 Sindano_ya_Kati

Marahaba dada. Asante kwa kulisema. Wengi wetu tumeona la namna hiyo au tumelikosa kwa bahati tu.

Niongeze hapo: mgonjwa mwenye epidurali mpe dawa nyepesi, ile ya kupunguza maumivu huku miguu inacheza. Ukimpa nzito ya kuua miguu kabisa umejifumba macho. Na miguu iliyokuwa inacheza ikigoma, funga pampu ya ganzi papo hapo na usisubiri asubuhi. Damu iliyobana uti wa mgongo ikiondolewa ndani ya masaa 8 tangu miguu ilegee, nafasi ya kutembea tena ni kubwa kuliko ukichelewa.

Sasa swali lako. Klopidogreli ya jana: mgongoni hapana. Lakini siyo kila sindano ni ya mgongoni. Neva ya paja kwenye kinena, na ile kubwa ya saiatiki nyuma ya goti, ziko mahali ambapo damu ikitoka unaweza kukandamiza kwa mkono ikakoma. Hizo naziruhusu hata kwa mgonjwa wa klopidogreli. Zilizo ndani sana, kama fungu la neva la kiunoni au kando ya uti wa mgongo, nazihesabu sawa na spaino. Kipimo changu ndicho hicho: damu ikitoka, kidole changu kitafika?

Kama hamna ultrasaundi lakini mna kile kifaa cha kustua neva kwa umeme, kinatosha, mradi mtu aliyefundishwa ndiye anayekishika. Ukiona unyayo unacheza umefika. Mkikosa vyote viwili, ketamini (dawa ya usingizi) na mkono uliozoea njia ya hewa ni heshima kabisa. Usijaribu spaino eti kwa sababu ndiyo pekee unayoijua vizuri. Tena mgonjwa ambaye usaha umeshaingia kwenye damu, spaino inamshusha presha mpaka unatafuta mshipa wa dripu huku mikono inatetemeka.

#4 Bint_Pangani

Assalam aleikum. Mie si mtu wa hospitali, nimepita tu nikakuta uzi huu. Mamangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, ana ule mrija wa shingoni. Wamemtengenezea fistula ya mkono wa kushoto, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa ili mashine ichukulie damu hapo, ikafa ndani ya wiki mbili. Sasa wanataka kumtengenezea nyingine juu zaidi. Mara ya kwanza walimchoma ganzi pale pale panapokatwa, akalia sana. Mie nauliza, ipo ganzi nyingine? Na je inaweza kusaidia isife tena?

(Na naomba madaktari mtafute jina jingine. Majirani wakisikia fistula wanadhani ni ile ya uzazi, mama anaona haya kueleza.)

#5 Sindano_ya_Kati

Waaleikum salaam dada, na pole sana kwa mama. Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri. Kwenye upasuaji wote wa mishipa hapa ndipo ganzi ya sehemu ina ushahidi unaonikalisha chini.

Madaktari wa Glasgow, Scotland, walichukua wagonjwa 126 wa figo waliokuwa wanatengenezewa fistula ya mkono. Nusu walichomwa ganzi pale panapokatwa, kama mama. Nusu walipata ganzi ya neva za mkono mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Baada ya miezi 3, fistula zilizokuwa hai bila kuguswa tena zilikuwa asilimia 84 kwa waliopata ganzi ya mkono mzima, na asilimia 62 kwa wale wengine.

Sababu yake unaweza kuishika kwa mkono, kweli kabisa. Neva za mkono hazibebi maumivu tu, zinabeba pia amri ya kukaza mishipa ya damu. Ukizilaza, mishipa inalegea na kufunguka. Nakumbuka mama mmoja mwembamba, mshipa wake kwenye ultrasaundi ulikuwa milimita 2 na nukta, daktari wa upasuaji anatikisa kichwa. Nikamchoma kwapani. Tukanywa maji, tukapanga vifaa. Baada ya dakika 20 mkono ule ulikuwa wa moto na mkavu, mwingine bado baridi kama chuma cha asubuhi. Tukapima tena mshipa ule ule, umekaribia milimita 3. Daktari akaomba nyuzi.

Sasa kwa vijana wa fani, hapa ndipo kuchagua kunahitaji akili. Ganzi ya juu ya mtulinga ni ya haraka na inashika vizuri, lakini mara nyingi inalaza na neva ya kiwambo cha pumzi upande huo. Mtu mwenye mapafu mazima hata hajui. Mgonjwa wa figo aliyejaa maji, anayelala na mito mitatu, atakukaba shati. Huyo nenda kwapani, na usisahau ile neva ya msuli iliyokimbilia pembeni, ichome peke yake. Na kama fistula inatengenezwa juu ya kiwiko, ngozi ya ndani karibu na kwapa inalishwa na neva inayotoka kifuani, haimo kwenye fungu la mkono. Iongezee ganzi chini ya ngozi, la sivyo mgonjwa ataruka kwenye mkato wa kwanza na utaambiwa ganzi yako imefeli.

Mpangilie siku pia. Damu ya mgonjwa wa figo haigandi vizuri, na kwenye mashine anapewa heparini. Mimi napenda siku inayofuata baada ya kusafishwa: maji yamepungua, potasiamu imeshuka, heparini imekwisha.

Dada, kwa mama: waombe wazungumze na daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Na mkono utakaotumika, kuanzia leo asichomwe kanula wala asitolewe damu hapo. Wakitaka mshipa wachukue mgongo wa kiganja.

#6 Kisu_Kikali

Mimi ni wa upande wa kisu, niko Mombasa. Nimesoma yote na kwa fistula sina ubishi. Lakini niwaulize wenzangu wa usingizi kuhusu upasuaji wa karotidi, mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo. Utafiti mkubwa kuliko yote, ule wa GALA uliochapishwa 2008, ulikuwa na wagonjwa 3,526 katika nchi 24. Kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo ndani ya siku 30: nusukaputi asilimia 4.8, ganzi 4.5. Hakuna tofauti. Sasa kwa nini nimkate mtu shingo akiwa macho, ananiongelesha, anakohoa, anageuka? Mgonjwa akilala mikono yangu inatulia.

#7 Sindano_ya_Kati

Daktari, namba zako ni sahihi na mgonjwa anayehangaika ni hatari kweli. Mtu asiyesikia, mwenye woga uliopitiliza, asiyeweza kulala chali, au anayezungumza lugha ambayo hakuna hata mmoja thieta anaijua, huyo mlaze.

Lakini GALA ilifanyika kwenye hospitali za watu wenye njia zao za kuuangalia ubongo wa mgonjwa aliyelala. Wewe na mimi tunazo ngapi?

Nilipokuwa masomoni Cape Town nilikaa upande wa kichwa, mzee yuko macho chini ya shuka. Tulimchoma ganzi ya juu juu tu, kando ya msuli wa shingo, na daktari akaongeza kidogo mwenyewe alipofika kwenye ala ya mshipa. Mkono wa pili, ule wa upande unaotawaliwa na ubongo unaokaribia kukosa damu, alipewa bata wa mpira, yale ya kuogea watoto. Kazi yake: kila nikimgusa bega, aminye. Bata analia. Karotidi ikabanwa. Bata akalia. Nikagusa tena, akalia. Mara ya tatu vidole vilijikunja nusu, kimya. Nikamwita jina, akanitazama tu. Nikasema "mkono umekwenda". Daktari akaingiza mrija wa kupitisha damu kando, haikufika dakika 3. Nikagusa bega. Bata akalia, thieta nzima ikasikia.

Hakuna mashine iliyotuambia. Kwa mahali ambapo vifaa vya kupima ubongo havipo, mgonjwa aliye macho ndiye kipimo, na kinagharimu bata mmoja. Asilimia zile zinalingana kwa wastani wa dunia. Shingo iliyo mbele yako ni moja.

Tena tuache kuchoma ile ya ndani kabisa ya shingo kwa mazoea. Ya juu juu inatosha kwa wengi. Ile ya ndani inapita jirani na mshipa unaopanda kwenye ubongo kupitia mifupa ya shingo. Ganzi kidogo sana ikiingia humo, degedege papo hapo.

#8 Kisu_Kikali

Hilo la kukosa vifaa umenipata. Nitalifikiria kwa mgonjwa mmoja aliyetulia, tukae wote kabla.

#9 Mswahili_wa_Leeds

Salamu kutoka kwenye baridi. Niongeze kuhusu aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, maana ndiyo mkubwa wao.

Aota ya tumboni iliyovimba ikifanyiwa upasuaji wa wazi, nusukaputi ni lazima, na epidurali ya kifuani, kati ya pingili za mgongo T7 na T10, ni nyongeza ya kupunguza maumivu na kusaidia pumzi. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2002, wagonjwa 915 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, haukuona vifo kupungua kwa epidurali, ila mapafu yaliyoshindwa kazi yalipungua. Kwa mtu aliyevuta sigara kwa miaka 40 hilo si dogo. Wengine siku hizi wanaweka katheta pembeni ya misuli ya tumbo badala ya mgongoni, kwa sababu ya hizo hizo heparini.

Jambo moja mjihadhari nalo: kubana aota kwenyewe kunaweza kuunyima uti wa mgongo damu, mgonjwa akaamka miguu haina nguvu hata kama hukumgusa mgongo. Ukiwa umeweka dawa nzito kwenye epidurali hutajua ni ipi kati ya hizo tatu: ganzi, damu iliyobana, au uti uliokosa damu. NesiWaZamu kasema, ainue mguu tuone.

Aota iliyopasuka ni habari nyingine. Mgongo usiguswe. Kama inazibwa kwa stenti (bomba linalowekwa ndani ya mshipa) kupitia kinena, ganzi ya kuchoma kinenani tu. Misuli ya tumbo iliyokaza ndiyo inayozuia damu isimwagike yote, na ukimlaza kwa nusukaputi misuli inalegea, presha inadondoka. Kwenye utafiti wa Uingereza ulioitwa IMPROVE waliofanyiwa kwa ganzi ya kinena walikufa wachache zaidi. Ni kweli hawakugawanywa kwa bahati nasibu kwenye jambo hilo, huenda ndio waliokuwa na nafuu tangu mwanzo. Lakini ukiiona presha inavyodondoka dakika ile ya kulazwa hutaki kuiona mara ya pili. Na ikibidi kufungua tumbo, mgonjwa apakwe dawa na kufunikwa shuka akiwa macho, daktari wa upasuaji ameshika kisu, ndipo umlaze.

#10 Kijana_wa_Mafunzo

Wakuu nimepiga kambi hapa, naandika kwenye daftari. Swali dogo: kuunganisha mshipa wa mguu, daktari anasema masaa 3, spaino inatosha?

#11 Sindano_ya_Kati

Masaa 3 ya mdomoni ni 5 ya ukutani. Spaino moja ya bupivakeini (dawa ya ganzi) itakuachia katikati, na wakati huo heparini imeshaingia, huwezi kumchoma tena. Weka epidurali, au spaino pamoja na katheta, kama damu inaruhusu. Hairuhusu, mlaze mapema kwa utulivu. Usimlaze kwa dharura akiwa amefunikwa shuka.

Na dozi, kwa kuwa hukuuliza lakini ni muhimu: bupivakeini usivuke miligramu 2 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 50 ni miligramu 100, yaani mililita 20 za ile ya asilimia 0.5. Hesabu na ile aliyochoma daktari wa upasuaji, nayo imo humo humo. Emalsheni ya mafuta ya asilimia 20 iwepo thieta, siyo famasi iliyofungwa. Moyo ukivurugika kwa ganzi unampa mililita 1.5 kwa kilo, kwa huyu ni 75, huku mnaendelea kumhudumia.

#12 Bint_Pangani

Nimerudi. Nilikwenda na maneno yenu nimeyaandika kwenye karatasi. Daktari wa usingizi alikuja kumwona mama wodini siku moja kabla, akatazama mifuko ya dawa, akamsikiliza kifua, akasema atamchoma kwapani. Walimfanyia Jumatano. Mama anasema alihisi wanavutavuta tu, alikuwa akisoma uradi kimoyomoyo mpaka wakamaliza. Mkono ulilala mpaka usiku, tukauweka kwenye mto.

Leo siku ya tisa. Nimeweka vidole juu ya mshono, panavuma kama nyuki ndani ya mzinga. Yeye mwenyewe anajiwekea sikioni usiku, anasema ndiyo anapata usingizi.

#13 Sindano_ya_Kati

Alhamdulillahi. Mwache ausikilize mvumo huo kila siku asubuhi na jioni, na siku ukinyamaza msingoje kliniki, nendeni siku hiyo hiyo. Asivae saa wala bangili mkono huo, asiulalie, na mtu yeyote akija na mashine ya presha mpeni mkono wa pili.